Tazama, Kisha Utoe Sababu

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Mimi nakuambia, ndugu msomaji: tazama! Ukishatazama, tazama tena! Wenye macho ni wengi, waonao ni wachache.

Mfikirie Erwin Panofsky, Myahudi aliyezaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1892. Ujana wake aliumalizia kwenye kazi za wachoraji wa kale, akianza na Dürer, hadi akawa profesa Hamburg. Ndipo Hitler akashika hatamu. Mwaka 1933 Panofsky alikuwa New York, mwalimu mgeni, telegramu ikamfikia: huna kazi tena. Na telegramu hiyo ilikuwa imefungwa kwa utepe wa kijani wenye salamu njema za Pasaka!

Kiti kikaenda. Cheo kikaenda. Je, na alichokijua nacho kilikwenda? Thubutu! Mwaka uliofuata alichapisha makala juu ya mchoro mmoja tu wa Jan van Eyck, wa mwaka 1434: mwanamume na mwanamke wameshikana mikono chumbani. Ubao wenyewe haufiki hata mita moja kwa kimo. Yeye akauuliza maswali. Mbona mshumaa mmoja unawaka, na ni mchana? Mbona viatu vimevuliwa? Ni akina nani wale wawili wanaoonekana ndani ya kioo, wakiwa mlangoni? Mbona mchoraji kaandika ukutani kwamba alikuwepo? Akahitimisha: hapa ndoa inafungwa, na mchoraji ni shahidi.

Waliokuja baadaye walimbishia. Wapo wasemao ni uchumba. Wapo wasemao si hili wala lile. Na wabishe! Walipata pa kumshika kwa sababu hoja zake zote alizianika. Anayejibu kwa cheo chake hasahihishiki, wala hafundishi.

Mwaka 1935 taasisi ya Princeton ilimpokea, na Marekani ikapata mwalimu ambaye Ujerumani ilimtupa.

Basi wewe mwanafunzi unayekariri usiku wa mtihani ili usahau asubuhi yake, acha! Wewe mwalimu unayemkaripia mtoto kwa kuuliza "kwa nini", tubu! Cheo huja kwa barua na huondoka kwa barua. Ujuzi ulioutolea jasho hauna wa kukunyang'anya. Chagua jambo moja, ulichimbe hadi mzizi. Andika unachodai, na chini yake uandike sababu, ili atakayekuja aweze kukukosoa. Anza leo!