Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12-14

Wale mlikuwa kanisani Jumapili mnakumbuka nilianza kwa kuomba msamaha, na wengine mkacheka mkidhani ni utani. Haukuwa utani.

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu. Kijana wake wa miaka 13 alikuwa anafika nyumbani saa moja usiku, na shule inafunga saa kumi. Akiulizwa ananyamaza. Dada akasema, "Wewe ni mtumishi, tena ni mjomba wake. Ongea naye." (Wote wawili wameniruhusu niwaambie haya.)

Nikaona nimpeleke Karura, Jumamosi, tushinde huko. Kama hujawahi kuingia, ni msitu wa karibu hekta elfu moja hapo hapo Nairobi, na mito imechimba mabonde ndani yake, miti imefunga juu mpaka jua linaingia kwa vipande vipande. Tuliingia kwa geti la Limuru Road. Nilikuwa na pointi zangu tatu tayari: marafiki wabaya, nidhamu, na kumheshimu mama. Na saa tisa nilikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, kwa hivyo nilitembea kama mtu anakimbilia matatu ya mwisho.

Nikahubiri. Tulipofika kwa mapango walimojificha wapiganaji wa Mau Mau, nikamletea Daudi na pango la Adulamu. Nikamweleza juu ya Wangari Maathai, vile alipigwa mwaka wa 1999 akijaribu kupanda mti katika msitu huu, wakati sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu wajenge. Maneno mazuri yote! Nikashuka bonde kuelekea maporomoko nikiendelea kuongea, mpaka nikasikia maji. Nikageuka nimuulize swali. Hakuwepo.

Nimehubiri Luka 2 mara nyingi, vile Yusufu na Mariamu walisafiri siku nzima wakidhani mtoto yuko na wenzake kwa msafara. Nakiri kila mara nimekuwa nikiwalaumu kidogo. Mzazi gani huyo? Sasa ni mimi nilikuwa kwa bonde nikiita jina, na hakuna anayeitika isipokuwa nyani kwa miti. Nikaanza kupanda nilikotoka, nikikimbia, nikiomba kwa sauti, watu na mbwa wao wakinipisha njia.

Nilimkuta ameketi juu ya mzizi, kiatu kimoja mkononi. Vilikuwa viatu vya mwaka jana. Kisigino kilikuwa kimechubuka na soksi imelowa damu.

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa unaongea, Anko."

Fungua Mwanzo 33 sasa. Esau amekuja na watu 400, moyo wake umelainika, anataka waende pamoja, yeye atangulie. Ni jambo jema. Lakini Yakobo anamwambia watoto hawa ni wachanga na mifugo inanyonyesha, wakikimbizwa hata siku moja watakufa. Tangulia wewe, mimi nitakuja polepole, kulingana na miguu ya watoto. Na ni nani anasema hivyo? Ni mtu aliyetoka Yaboki usiku ule tu, nyonga imeteguka, anachechemea. (Najua kuna mtu atanikumbusha kwamba Yakobo hakufika Seiri, alipindia Sukothi. Hiyo ni mahubiri ya siku nyingine.) Mimi miguu yangu ilikuwa mizima, ndiyo maana sikuona ya mwenzangu.

Nikaketi. Nikampigia mzee mmoja nikamwambia waendelee bila mimi. Tukanawa kile kidonda kwa maji ya chupa, nikafunga na leso yangu, tukala mikate na mayai ambayo dada alikuwa amefunga. Pointi zangu tatu sikuzigusa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilinyamaza, na haikuwa rahisi, mnanijua.

Baada ya muda mrefu akaniuliza, akiangalia chini, "Anko, Dad anajua tulihama?"

Baba yake aliondoka miaka miwili iliyopita. Januari dada alihamia nyumba ya bei nafuu. Kumbe kila jioni huyu kijana amekuwa akitoka shule, anatembea mpaka ile ploti ya zamani, anakaa nje ya geti mpaka giza liingie. Anaogopa baba atarudi abishe kwa mlango, akute watu wengine. Nasi tulikuwa tumeshamwekea marafiki wabaya, bangi, kila kitu.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia sijui kama baba atarudi. Akalia, nami nikalia, kule bondeni. Kisha tukapanda kurudi, yeye mbele amekanyaga kisigino cha kiatu kama ndala, mimi nyuma. Tulifika getini jua limepoa.

Jumamosi hii tunaenda ploti, yeye na mimi. Dada amekubali tumwachie mlinzi namba yake ya simu, imeandikwa kwa mwandiko wa kijana mwenyewe. Ameshanunuliwa viatu, saizi 41. Mtuombee.