Ada na Deni

Mwaka jana nilipokea barua ya kijana niliyepata kumfundisha, mzaliwa wa Tarime kama mimi, ambaye sasa anafanya kazi Oslo, katika nchi ya Norwe. Alinieleza kuwa wenzake kazini wamemshauri ajiunge na chama cha wapenda milima cha nchi hiyo, ili wakati wa baridi aende nao kuteleza juu ya theluji kwa zile mbao ndefu zifungwazo miguuni, na kulala katika nyumba za chama. Ada aliimudu. Lililomtatiza ni jambo jingine. "Mwalimu," aliandika, "nyumba hizi zilijengwa na watu nisiowajua, kwa jasho ambalo sikulitoa. Nikilipa ada ya mwaka mmoja nitakuwa na haki sawa na mjukuu wa mtu aliyebeba mawe. Je, ni halali?"

Wengi wangelipa na kwenda zao. Mimi swali lile lilinikaa moyoni, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Chama chenyewe, Den Norske Turistforening, kiliasisiwa mwaka 1868, nacho kina nyumba zaidi ya 500, kubwa kwa ndogo. Baadhi zina wahudumu. Nyingi hazina mtu. Mwanachama huazimwa ufunguo, na ufunguo huo mmoja hufungua nyumba nyingi katika pembe zote za nchi. Hufika jioni, huwasha moto, na katika zile zilizowekewa akiba hutwaa chakula kabatini, akaandika mwenyewe alichotwaa na kukilipia bila ya msimamizi. Kabla ya kuondoka hufagia, huosha vyombo, na huacha kuni zilizokatwa kwa ajili ya ajaye, ambaye huenda asimwone maisha yake yote. Njia ziendazo kwenye nyumba hizo zina alama ya herufi T nyekundu, na wazipakao rangi aghalabu ni wanachama wenyewe. Kazi ya namna hiyo Wanorwe huiita dugnad. Sisi Wakurya tuna risaga.

Asiyeijua risaga huweza kuidhania kuwa ni ujira wa chakula na pombe. Mwenye shamba huwaalika majirani, huandaa vyakula, nao huja na majembe yao. Lakini mtu akipima chakula kile kwa saa za kulima, hesabu haitalingana hata kidogo. Waliokuja hawakulipwa, wamekubali kudaiana. Na mgeni aliyehamia kijijini juzi haulizwi kama alilima mashamba ya babu zetu. Huulizwa kama atakuja Jumanne.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kumjibu kijana kwamba haki ya kulala katika nyumba ya zamani haitokani na kuijenga peke yake. Upepo na theluji huibomoa kila mwaka, na kila mwaka yuko mtu wa kuirudishia ubao uliong'oka. Nyumba ya miaka mia iliyo imara hata leo imejengwa mara nyingi sana, na mgeni amewahi zamu yake.

Walakini swali hili lina upande wa pili, nao ni mgumu zaidi: upande wa mtu ambaye anacho tayari, akatakiwa akitie katika shirika. Majirani zetu wa wilaya ya Serengeti wamelionja. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilipofungua mlango wa vijiji kusimamia wanyama katika ardhi zao, vijiji vitano viliunganisha ardhi na kuwa Jumuiya ya Ikona, mpakani mwa hifadhi ya taifa. Kijiji kimoja, Robanda, kilikuwa kimekwisha kupatana chenyewe na wenye kambi za watalii, na mapato yalikuwa yake. Ndani ya jumuiya fungu la vijiji lilikuwa la kugawanywa sawa, kambi ziwe kwako au zisiwe. Walikuwamo watu wa Robanda walionung'unika, na mimi siwezi kuwaita wachoyo. Mtu aliyekuwa na mkate mzima, akapewa kipande na kuambiwa ashukuru, ana haki ya kuuliza.

Ila kambi haimpendezi mtalii kwa hema zake. Nyumbu hupita katika ardhi ya jirani kabla ya kufika mbele ya kambi, na tembo hula mahindi ya mtu ambaye hana mtalii hata mmoja. Yule jirani akilima kila kipande mpaka mtoni, kambi ya Robanda itabaki kutazama vumbi. Mkate ule ulikuwa na unga wa wengine toka mwanzo, ingawa hakuna aliyeuandika. Nadhani hoja hii ni ya kweli. Sidhani kuwa inatosha kumnyamazisha mwenye kupungukiwa, wala haipasi kumnyamazisha.

Sasa nieleze sababu yangu. Kijijini kwetu nilijiunga na chama cha kuzikana, na kwa miaka kumi na mmoja nilipeleka mchango wangu kwa simu, bila ya kukosa hata mara moja. Mimi mwenyewe sikwenda. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, au safari, au uchovu. Baba yangu alipofariki, wanachama walikuja alfajiri na majembe. Mzee mshika daftari alisoma majina kama ilivyo desturi. Mbele ya jina langu kila mstari ulikuwa na fedha, na safu ya mahudhurio ilikuwa tupu juu hata chini. Hakuna aliyesema neno. Walichimba, wakaniletea uji, na mmoja wao, ambaye nilipeleka fedha tu alipomzika mkewe, alinishika bega akaniambia, "Pole, mwalimu wetu, keti." Nilikuwa mwanachama halali kwa kila kanuni iliyoandikwa.

Hayo yote nilimwandikia kijana, nikamsihi aulize kwanza siku za kazi kabla ya kuuliza bei ya ufunguo. Baada ya majuma mawili alinijibu kwamba amejiunga, na kwamba kiangazi kikifika atakwenda na wenzake kupaka rangi zile herufi nyekundu. Akaniuliza nami kama nimekwenda mazikoni mwaka huu. Nimekwenda mara mbili. Ya tatu sikwenda.