Deni la Aliyemfungia Samaki

Mtu anayemtoa kiumbe mahali Mwenyezi Mungu alipomweka, akamfungia kwake, anadaiwa nini? Swali hili lilinianza nilipostaafu kufundisha kemia na kuchimba bwawa la sato nyuma ya nyumba yangu hapa Magu. Karibuni lilinirudia kwa simu kutoka Dar es Salaam.

Mpwa wangu ameweka sebuleni tangi jipya la maji ya chumvi, na ndani yake wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. "Shikamoo mjomba," alisema. "pH imegoma kupanda. Alfajiri inasoma 7.7, na bahari yenyewe ni kama 8.1. Dukani wamenipa unga wa kuipandisha. Niweke vijiko vingapi?"

"Marahaba. Usiweke hata kimoja. Kwanza niambie, usiku unalalaje?"

Analala madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinanguruma, na jiko la gesi liko hapo hapo sebuleni. Nikamwambia achote maji ya tangi kwenye jagi, atoke nayo kibarazani, ayapulizie hewa kwa pampu yake kwa muda wa saa moja, kisha apime. pH ilipanda mpaka karibu na 8.1, na hakuna alichokuwa ameongeza. Hewa ya ukaa iliyojaa nyumbani, ya pumzi za watu na ya moto wa gesi, ilikuwa ikiingia majini na kugeuka tindikali, na tindikali ndiyo hushusha pH. Akiba ya kabonati, ambayo ndiyo huyawezesha maji kuhimili tindikali, ilikuwa ya kutosha, alishaipima. Dawa yake ilikuwa dirisha.

Na ule unga haukuwa jambo dogo. Tangi jipya halijapata bakteria wa kutosha wa kula amonia inayotoka kwa samaki. Maji yakiwa na pH ya chini, sehemu kubwa ya amonia hiyo hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Ukiipandisha pH kwa hatua moja nzima, ile sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Mtu anaweza kurekebisha namba jioni, asubuhi akakuta samaki wanaelea.

Sasa nije kwenye dini, maana hapo ndipo swali langu lilipo. Sisi Waislamu tuna hadithi mbili ambazo nadhani zinapaswa kusomwa pamoja. Katika moja, Mtume (s.a.w.) anamfanyia utani wa upole mtoto aitwaye Abu Umair, ambaye ndege wake mdogo amekufa. Wanachuoni walichukua humo ruhusa ya kufuga ndege, kwa kuwa Mtume hakumkataza mtoto yule. Ibn al-Qass, wa madhehebu yetu ya Shafi, aliandika kitabu kizima juu ya mafunzo ya hadithi hiyo moja. Nyingine ni ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia aende akajitafutie wadudu wa ardhini.

Tazama jinsi shitaka lake lilivyopangwa. Hakulaumiwa kwa kuwa na paka. Alilaumiwa kwa kuziba njia mbili kwa pamoja: ile ya kupewa na ile ya kujitafutia. Lau angeacha mojawapo wazi, paka angeishi. Hapo ndipo naliona deni la mfugaji. Paka aliye huru riziki yake iko kwa Mola wake. Ukishafunga mlango umejitwika kazi ambayo mbuga, upepo na ziwa vilikuwa vikiifanya, na hutasamehewa kwa kuwa hukujua kazi hiyo ilivyo kubwa.

Bwawa langu lilinifundisha nusu ya pili ya somo. Huku kwetu nchi imekaa juu ya mawe ya matale, na mchanga wake hauna chokaa ya asili ya kutosha. Bwawa nililichimba kwenye udongo wa aina hiyo, likajaa maji ya mvua, na pH ikawa chini kama ile ya Dar. Lakini hapa upepo wa ziwani kutoka Ghuba ya Speke unapita kutwa nzima, kwa hiyo hakuna dirisha la kufungua. Kilichokosekana ni akiba yenyewe. Wataalamu wa mabwawa hutaka angalau miligramu 20 za alikalini, yaani kipimo cha akiba hiyo, kwa lita. Yangu ilikuwa chini ya hapo. Ndiyo maana pH ilikuwa ikiyumba: mchana mwani ukinyonya hewa ya ukaa inapanda, usiku kila kitu kikipumua inashuka, na kabla ya jua kuchomoza inafika chini kabisa. Maji yasiyo na akiba ni kaya isiyo na ghala. Kila msimu unaigusa moja kwa moja.

Kwa hiyo nilimwaga chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa. Sikutumia ile ya kupaka nyumba, kwa sababu ni kali, hurusha pH juu ghafla na kuunguza samaki. Nikangoja maji yatulie, nikapima alfajiri na alasiri, ndipo nikaleta vifaranga.

Namba ilikuwa chini kwa mpwa wangu na chini kwangu, lakini madeni yalikuwa mawili. Yeye alidaiwa kufungua, mimi nilidaiwa kutoa. Kipimo hakikuweza kutuambia lipi ni la nani. Ilibidi kila mmoja aulize samaki wake amezibiwa nini. Mtu anayekimbilia unga anajitoa lawamani mbele ya kipimo tu, ilhali Mungu atamuuliza habari za samaki.

Jirani yangu Mkristo, tulipozungumza haya, alinikumbusha kuwa Torati inakataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka. Ni hukumu ile ile: umemtia kazini, basi mwachie ajipatie.

Wapo watakaosema, kama deni ni zito hivi, tuache kufuga. Sikubali. Ziwa limechoka, na sato wa bwawani anapunguza nyavu zinazolikwangua. Lakini deni halilingani kwa kila mfugaji. Kijana mwenye vizimba ziwani bado anasaidiwa na mawimbi yanayopita kwenye wavu, ingawa naye akiweka samaki wengi mno atawakosesha hewa. Mwenye bwawa anasaidiwa na upepo na jua. Mwenye tangi la kioo hasaidiwi na chochote asichokiwasha mwenyewe, na umeme ukikatika deni liko pale pale. Kadiri ukuta unavyoziba zaidi, ndivyo mfugaji anavyodaiwa zaidi.

Kwa hiyo vijana wanaonijia kuuliza bei ya vifaranga huwaambia waanze na kipimo cha maji, chokaa na subira, na samaki wawe wa mwisho kununuliwa. Asiyemudu hayo kwa sasa awaache samaki ziwani. Hapo atakuwa hajafuga kitu, lakini atakuwa ametekeleza amana, na naamini atalipwa thawabu yake kama aliyelisha.