Nimsamehe Nani, Nami Simjui?



Wengi wenu mmefika nyumbani kutupa pole tangu tulipoibiwa, nasi twawashukuru. Kwa wasiosikia: mimi na mama watoto tulipanda Usangi msibani, tukalala huko. Tuliporudi Lembeni asubuhi tulikuta dirisha la nyuma limeng'olewa. Walichukua magunia mawili ya mahindi, redio, betri ya sola, na saa ya ukutani niliyopewa na walimu wenzangu siku niliyostaafu. Mahindi yaliniuma kidogo, saa iliniuma zaidi. Nilitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi. Sioni kwamba kufanya hivyo ni kukosa imani. Mwizi anayezuiwa leo hatamwibia mjane kesho.

Kila aliyekuja aliniambia, "Mwalimu, samehe." Nami nilijibu, tena mbele ya watu, kwamba nimekwisha kusamehe. Lakini usiku nilijiuliza: nimemsamehe nani? Yusufu aliposamehe, ndugu zake walikuwa wamesimama mbele yake. Yule baba wa Luka 15 alimwona mwanawe angali mbali. Mimi sikuwa na uso wa kuutazama. Nikatambua kwamba mwizi asipojulikana, moyo humtafutia uso, na uso wangu niliupata upesi sana.

Tulikuwa na kijana aliyetuchotea maji kwa baiskeli. Mnajua shida ya maji kwetu huku tambarare. Ijumaa ile nilimwambia asilete maji kesho yake, kwa kuwa tunakwenda msibani. Basi, nani mwingine alijua nyumba ni tupu? Nilimwambia mama watoto, naye akanyamaza. Nilimwambia jirani mmoja, "Sisemi ni yeye, lakini..." Wapenzi, lile neno "lakini" lilitembea haraka kuliko basi la Moshi. Baada ya siku mbili hakuna nyumba iliyotaka maji yake. Siku ya tatu nikasikia vijana fulani wamepanga "kumshughulikia" ili ataje vitu vilipo.

Hapo niliogopa. Nilifungua Kutoka 22, sura ambayo nimeisoma mara nyingi bila kuitafakari. Torati yasema mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba, naye akafa, aliyempiga hana hatia ya damu, lakini jua likiwa limemzukia, hatia ipo. Usiku mtu ana hofu, hajui aliyeingia ana silaha gani. Jua likichomoza, hofu imekwisha, limebaki hasira tu, na hasira haina ruhusa hiyo. Sheria hiyo ni ya zamani mno, nasi hata leo tunasikia habari za watu waliouawa mchana kweupe na wanaoitwa "wananchi wenye hasira", wengine kwa ajili ya kuku. Na huyu wa kwetu hakuwa hata mwizi aliyekamatwa. Alikuwa mtu aliyetajwa na mwalimu.

Niliwaendea vijana wale jioni ile ile nikawaambia sina ushahidi wowote. Mmoja akaniuliza, "Sasa mbona ulisema?" Sikuwa na jibu. Kesho yake tukapata habari kwamba usiku wa wizi kijana yule alikuwa hospitali akimwuguza mama yake, na wauguzi walimwona mpaka asubuhi.

Miaka yote niliyofundisha, niliwakaririsha watoto Amri Kumi. Ya nane yakataza kuiba, ya tisa yakataza kumshuhudia jirani uongo. (Ndugu zetu Walutheri, ambao ni wengi kuliko sisi hapa Upare, huzihesabu kuwa ya saba na ya nane, lakini kufuatana zinafuatana vile vile.) Sikupata kufikiri kwa nini zinakaa pamoja. Sasa naona kwamba mtu mmoja alipoivunja ile ya kwanza nyumbani kwangu, mimi nilikuwa tayari mlangoni pa ile ya pili. Yeye alichukua saa, mimi nilichukua jina la mtu. Mithali 22 yatuambia ni kipi kati ya hivyo chenye thamani zaidi.

Kuna mzee, namheshimu, aliyenishauri tuvunje chungu. Nilikataa, na sababu si kwamba ni ushenzi tu, kama tulivyozoea kusema. Wanaoamini chungu husema laana yake haichagui, hufuata ukoo mzima, pamoja na watoto ambao hawakula punje moja ya mahindi yangu. Tena humfungia mwizi njia ya kurudi, kwa maana nani atarudisha saa kwa mtu aliyekwisha kumtakia kifo?

Wazee wetu wa Uamsho walijua njia nyingine. Ule moto ulipowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu Tanganyika, watu walirudisha walivyoiba bila kukamatwa na mtu. Walisimama, wakataja, wakalipa. Walimfuata Zakayo, aliyeahidi kulipa mara nne. Kwa hiyo kumsamehe mwizi nisiyemjua, kwangu mimi, kumekuwa jambo dogo tu la kutenda: nisimpe uso wa mtu mwingine, na nisifunge mlango ambao angeweza kuupitia kurudi.

Lakini Zakayo alihesabu fedha. Jina la mtu nitalilipaje mara nne? Nilikwenda kwa kijana yule, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Jumapili iliyofuata nikasema hivyo hivyo kanisani, kwa kuwa "lakini" yangu ilikuwa imefika huko pia. Mama yake alinikaribisha chai. Kijana alisema, "Yameisha, Mwalimu," akainama kutengeneza mnyororo wa baiskeli.

Baadhi ya nyumba zimeanza tena kununua maji yake. Kwetu haleti. Asubuhi hupita barabarani na madumu yake, hunipa shikamoo, nami humwitikia marahaba, naye huendelea na safari yake.