Ramani ya Chini kwa Chini

Katika Catan, mchezo wa mezani alioubuni Klaus Teuber na uliotoka mwaka 1995, kila mchezaji huuona utajiri wa kila kipande cha ardhi kabla ya kuweka kijiji chake cha kwanza. Katika Civilization, mchezo wa kompyuta, mambo ni kinyume: makaa ya mawe na mafuta hufichwa hadi taifa la mchezaji lipate elimu ya kuyatambua. Je, mchezaji aonyeshwe kilichomo chini ya ardhi anapochagua pa kuanzia? Swali laonekana la starehe, ila ndani yake mna suala la haki: nani anastahili kujua, na ajue lini?

Wanaotetea kuficha huweza kumwita John Rawls awe shahidi wao. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 alidai kwamba kanuni za haki ni zile ambazo watu wangekubaliana nyuma ya pazia la kutojua, kila mmoja asijue atakuwa na nafasi gani. Lakini Rawls aliwafunika macho watunga kanuni, si wachaguzi wa viwanja. Kumficha mchaguzi ni kuikabidhi bahati kazi ya hakimu. Catan hutafuta usawa kwa njia nyingine: wote huona, na aliyechagua mwisho katika duru ya kwanza huchagua mwanzo katika duru ya pili.

Nje ya mchezo, wengi hawachagui pa kuanzia. Huko Walthamstow, London, ipo nyumba iitwayo Water House, ambayo sasa ni makumbusho ya William Morris, msanii, mshairi na msoshalisti aliyezaliwa mtaani humo mwaka 1834. Baba yake, dalali wa fedha, alipata hisa 272 kati ya 1,024 za kampuni iliyoanza kuchimba shaba Devon mwaka 1844. Hisa iliyolipiwa pauni moja ilipanda hadi mamia ya pauni. Baba alifariki mwaka 1847, na mwaka uliofuata familia ikahamia Water House. Mtoto akaanza maisha juu ya shaba ambayo hakuiona wala hakuichagua, ilhali walioshuka shimoni waliambulia ujira. Kutojua kwake kulimwondolea lawama, hakukumwondolea deni. Mwaka 1871 alikuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo hiyo, na wakati huo alijua. Alijiuzulu mwaka 1875.

Pwani ya Waswahili inalijua deni hili. Mwaka 2013 wakazi wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam; serikali ikajibu kwamba gesi ni mali ya taifa zima. Jibu hilo lina uzito, kwani mzaliwa wa Mtwara hastahili gesi kwa kuzaliwa tu, kama vile mzaliwa wa Dodoma hastahili ukame. Hata hivyo, wenyeji ndio watakaobeba vumbi, kelele na kuhamishwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini huyu mgeni huja na ramani ya miamba, na mwenyeji ana jembe. Anayeuza shamba bila kujua kilichomo chini yake, kwa mnunuzi anayejua, ametia saini, lakini hajaridhia.

Basi kuonyesha wote kunatosha pale tu wote wanapochagua. Penye mtu aliyekwisha kuzaliwa juu ya hazina, usawa wa kutazama hautoshi, maana mwenye mtaji huitazama ramani ile ile kwa uwezo wa kuitumia. Mwenyeji ana haki ya kuonyeshwa kwanza, kabla ya bei kutajwa, na kwa lugha anayoielewa. Baada ya hapo taifa lidai fungu lake. Na aliyenufaika pasipo kujua, siku atakapojua, aanze kuulizwa.