Mji Rahisi na Mji Mwema

Binadamu huhama kwa sababu nyingi. Wako wahamao kwa njaa, wako wahamao kwa vita, na wako wahamao kwa kutafuta kazi. Lakini liko pia kundi la wahamao kwa hiari. Hawa hawakufukuzwa na mtu wala jambo. Wamechoshwa tu na msongamano na gharama za mji mkubwa, nao hutafuta mahali penye hewa njema, mandhari ya kupendeza na kodi isiyoumiza. Katika nchi yetu wengi wa watu hao huelekeza nyuso zao Pwani. Reli mpya ya Mombasa, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, imeifupisha safari. Mtu aliyezoea baridi ya bara hushuka, akaiona minazi na bahari, akauliza bei ya nyumba, akastaajabu, kisha akasema moyoni: "Hapa ndipo." Swali letu ni hili: mtu huyo asemapo kuwa mji ni rahisi, asema kweli? Na je, urahisi huo humpa wajibu gani kwa wale aliowakuta?

Yafaa tuanze na jambo lisilo na ubishi. Katiba ya mwaka 2010 humpa kila raia wa Kenya haki ya kukaa mahali popote katika nchi hii, na haki ya kuwa na mali katika sehemu yake yoyote. Kwa hiyo mtu wa Nyeri atakaye kukaa Kilifi haombi ruhusa, wala mtu wa Vanga atakaye kukaa Kisumu. Hili ni jema, maana nchi ambayo watu wake hufungiwa walikozaliwa ni gereza lenye vyumba vingi. Lakini haki si mwisho wa maadili. Haki hutuambia tunaloweza kutenda bila ya kuzuiwa; haituambii tunalopaswa kutenda. Mtu aweza kuwa ndani ya haki yake na bado akawa jirani mbaya.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Rahisi" ni neno la kulinganisha. Haliwi na maana mpaka tujue mfuko wa nani unapimwa. Tuseme, kwa mfano, kwamba nyumba ya vyumba viwili katika mji mdogo wa pwani hukodiwa kwa shilingi 8,000 kwa mwezi. Kwa mtu alipwaye shilingi 80,000 na kampuni ya Nairobi, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya pato lake. Kwa mvuvi apataye shilingi 16,000 katika mwezi mwema, ni nusu. Nyumba ni moja, kodi ni moja, lakini mmoja huiita rahisi na mwingine huiita mzigo. Wakija wahamiaji ishirini walio tayari kutoa shilingi 12,000, mwenye nyumba hana haja ya kuwa mwovu ili aipandishe kodi. Yatosha awe mfanyabiashara. Mvuvi atahamia nyuma ya mji, mbali na chombo chake. Urahisi alioufurahia mgeni umelipwa na mtu mwingine.

Tena, urahisi una chanzo, na mwenye busara huuliza chanzo kabla ya kufurahi. Chanzo cha kwanza ni upungufu. Mahali hupungua bei kwa sababu ni mbali na hospitali, au maji ya bomba huja siku na siku, au kisima kina maji ya chumvi. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na Mombasa hutoka Baricho, katika Mto Sabaki, na hapo yanapopungua wenye matangi makubwa huvumilia, wenye ndoo huteseka. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ahamaye bila ya kuuliza habari za maji na daktari huonja ukweli wa methali hiyo.

Chanzo cha pili ni ujira mdogo. Samaki, mboga, ufuaji na ujenzi vikiwa rahisi, maana yake ni kwamba mvuvi, mkulima, dobi na fundi wanapata kidogo. Anayesifu mji kwa urahisi huu husifu, bila ya kukusudia, umaskini wa majirani zake.

Chanzo cha tatu kina uzito zaidi, nacho ni ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wayathibitishe. Ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wengi waliolima kwa desturi za wazee wao hawakupata hati, na mapatano ya mwaka 1963, yaliyouunganisha ukanda huo na Kenya, yaliahidi kuziheshimu hati zilizokwisha kutolewa. Ndiyo maana hata leo wako watu Pwani waitwao maskwota juu ya ardhi yenye makaburi ya babu zao. Mgeni auziwapo kiwanja kwa bei ya chini mno, huenda bei hiyo ni ya chini kwa sababu yuko mtu juu yake asiyekuwa na karatasi ya kujitetea. Hati aliyopewa mnunuzi yaweza kuwa safi mbele ya hakimu. Je, ni safi mbele ya mama anayeng'olewa mikorosho yake?

Yaliyosemwa juu ya bei yafaa kusemwa juu ya uzuri pia. Mgeni hudhani uzuri wa mji ni kama upepo wa kusi, kwamba umekuja wenyewe. Sivyo. Mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, haukushushwa toka mbinguni. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochongwa kwa mikono. Dari zake ni boriti za mikoko. Milango yake ni nakshi ya mafundi waliofundishwa na mafundi. Vichochoro vyake ni vyembamba kwa kuwa vilifanywa kwa ajili ya watu na punda. Utulivu unaompendeza mgeni ni tabia ya wenyeji: kusalimiana, kustahiana, kunyamaza wakati wa sala. Mtu akiununua uzuri huo na kuwatoa waliouumba, hubaki na kuta. Nyumba njema si mlango. Wema wake ni waliomo ndani.

Huenda msomaji akapinga hivi: "Ikiwa ni hivyo, basi heri kila mtu abaki kwao." Pingamizi hili lastahili jibu, maana historia ya Pwani yenyewe ni historia ya wageni. Jamaa wa Mazrui walioshindwa na Seyyid Said mjini Mombasa mwaka 1837 walihamia Takaungu, mji uliopo mpaka leo. Miji ya Waswahili imepata lugha, vyakula na majengo yake kutokana na wenyeji na wageni waliochanganyika. Na mji usiopokea watu hufa. Tazama Gede, karibu na Watamu: palikuwa na msikiti mkubwa, jumba la kifalme na nyumba za mawe, na leo pana magofu na nyani. Mgeni huleta fedha, ujuzi na watoto wa kujaza shule. Hatusemi, basi, kwamba kuhama ni kosa. Twasema kwamba yako mahamio ya namna mbili, na methali moja huyatenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujio wa mgeni hupimwa kwa afya ya mwenyeji.

Kipimo hicho chaweza kugeuzwa kuwa maswali matatu. La kwanza: nani alikuwa hapa kabla yangu, naye amekwenda wapi? Anayenunua ardhi na aende kwa wazee na majirani, si kwa wakili peke yake. La pili: nitalipa bei ya haki, au bei ya shida ya mtu? Kumlipa fundi kidogo kwa kuwa amezoea kidogo ni kuigeuza shida yake kuwa faida yako. La tatu: nitafungua njia au nitaifunga? Kwa Katiba yetu, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hakuna awezaye kuinunua. Lakini ukuta mrefu uliojengwa mbele yake waweza kuifunga njia ambayo wavuvi na watoto waliipita tangu zamani. Mwenye ukuta huo hakuiba ufuo, ila ameuficha kwa wenyewe.

Vijana, wengi wenu mtahama. Mtapelekwa na ualimu, uuguzi, biashara au mapenzi, na baadhi yenu mtakaa katika miji ambayo leo hamwijui hata kwa jina. Chagueni kwa hesabu, maana si dhambi kutafuta kodi inayolingana na mfuko. Mwalimu wa mshahara mdogo hana budi kuitafuta. Lakini mkisha kupiga hesabu ya mnachookoa, pigeni na ya pili: hesabu ya mnachowagharimu wengine. Mgeni hupewa siku mbili za kukaribishwa, na ya tatu hupewa jembe. Mji rahisi ni ule unaokuchukulia kidogo. Mji mwema ni ule ambao, baada ya wewe kulishika jembe hilo, jirani yako aliyezaliwa hapo bado ana uwezo wa kukaa.