Anayeshika Miguu Yako

Kwa nini mtu anayelipa kwa hela yake halali aone aibu miguu yake ikishikwa? Kusukwa nywele tunasukwa bila wasiwasi, kichwa tunamlalia msusi mapajani na umbea juu. Lakini miguu, mh! Nenda spa Dar es Salaam uwaone wateja: beseni la maji ya vuguvugu likishaletwa tu, mtu anaanza kujitetea. "Samahani dada, nina magaga." Dada mwenyewe hata hajauliza.

Wapo wanaosema aibu hiyo inatokana na yeye kukaa chini na sisi kukaa juu. Kidogo ni kweli. Katika Injili ya Yohana, Petro naye alimkatalia kwanza Yesu asimwoshe miguu. Bwana ainame vipi mbele ya mwanafunzi? Ila pale spa hakuna bwana wala mwanafunzi, kuna bei ukutani. Fundi viatu naye anainama, wala hatumwombi radhi.

Nadhani tunachoogopa ni kujulikana.

Homer aliliona hili zamani sana. Katika Odyssey, kitabu cha 19, Odysseus amerudi nyumbani baada ya miaka 20, kajifanya ombaomba, na hata mkewe hajamtambua. Anayemtambua ni Eurykleia, yaya mzee, akiwa anamwosha miguu. Mkono unapita juu ya kovu la nguruwe mwitu, mguu unamponyoka, beseni linapinduka, maji yote chini. Na Odysseus anafanya nini? Anamkaba koo bibi aliyemlea, anamtishia kifo endapo atasema. Watu hupenda kulisimulia tukio hili kama la kugusa moyo. Mimi ule mkono kooni haunitoki. Tena tulishaambiwa mapema kwamba Eurykleia alinunuliwa ujanani kwa thamani ya ng'ombe 20. Bei ililipwa kitambo, lakini alichokijua hakikuwemo kwenye bei.

Mara ya mwisho nilipokandwa, dada yule alibonyeza chini ya kisigino changu cha kushoto, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huu unauegemea sana. Wa kulia uliumia?" Nikamwambia ndiyo. Hakuchimba zaidi. Akahamia wa kulia taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kuna ndugu zangu wa damu hawajawahi kuligundua hilo.

Jirani yangu kwenye kiti cha pili alikuwa kwenye simu tangu mwanzo. Wengine wataita hiyo dharau. Mimi naona alikuwa anajisitiri, na kujisitiri ni haki yake. Tatizo ni kwamba sitara hiyo inamgharimu mwingine: mtu anakanda saa nzima kana kwamba hayupo. Halafu wakati wa kuondoka akaacha elfu tano juu ya bei, haraka haraka, bila kumtazama. Hiyo ni shukrani, au ni ule mkono wa Odysseus uliovaa glavu?

Nilimuuliza dada wateja gani wanamchosha. Nilitegemea aseme wenye simu, au wenye magaga.

"Wanaoomba samahani," akasema. "Inabidi nianze kuwafariji wao, na huku mikono ina mafuta."

Na bakshishi?

"Hiyo dada'ngu usinisemee. Mimi nina watoto."